Walinimulika tochi wakati siri ya mchezo inatoka

Mpaka leo sijui nani aliufunga mlango wa ile mashua, kwenye mchezo wa jukwaani niliokwenda kuutazama na mama yangu. Sentensi yenye jibu ilipotamkwa, kijana wa ukumbini alikuwa ananimulika tochi ya simu usoni akidai tikiti.

Waigizaji hawakunikosea hata kidogo, hilo niliseme mapema. Hadithi ni ya Uganda ya miaka mingi ijayo. Ziwa Viktoria limepanda, Ggaba na Port Bell, vitongoji vya Kampala vya ufukweni, zimekwenda na maji, na mama mmoja, fundi wa bwawa la umeme la Nalubaale kule Jinja, anaishi na mashine iliyohifadhi sauti na kumbukumbu za binti yake aliyekufa maji. Sisi tunamwona binti amesimama pale pale. Mama hamwoni, anamsikia tu. Wanakumbushana ya zamani, wanacheka. Halafu binti anaanza kuuliza. Kwa nini tuliondoka usiku? Kwa nini mlango wa chumba changu mle mashuani ulikuwa umefungwa kwa nje? Kila akilikaribia jibu, mama anainuka na kupunguza umeme, na binti anasahau.

Yule dada aliyeigiza binti simjui jina, lakini nampa heshima zake zote. Umeme ukipunguzwa, mkono aliokuwa ameuinua unashuka polepole, macho yanaacha kutafuta, kisha anasema tena, kwa uchangamfu ule ule, "Mama, umeamkaje?" Mara ya kwanza watu walicheka. Baadaye hakuna aliyecheka, na mama yangu akanishika mkono.

Shemeji yangu aliniambia kabla sijakwenda kwamba mambo ya mashine zenye akili ni ya sinema. Si kweli. Hata neno roboti lilianzia jukwaani, kwenye tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyoonyeshwa Prague mwaka 1921. Na sisi tuliokuwa hapa Aprili 2020, kisiwa cha matete kilipoelea mpaka kikaziba mitambo ya Nalubaale na nchi nzima ikaingia gizani, hatukuhitaji kuelezwa bwawa linawezaje kuzimika.

Ndiyo maana mwisho ulikuwa mzito vile. Bwawa linazimika, jukwaa linakuwa giza totoro, na mashine inabaki na betri ambayo mama hawezi kuifikia. Sasa binti anakumbuka yote. Sauti tu, gizani. Mchezo mzima ulikuwa unakuja hapo.

Hapo ndipo watu wa ukumbi walipoamua kukagua tikiti! Eti kuna watu walipita mlango wa pembeni bila kulipa. Zetu zilishachanwa nusu pale langoni. Nikamnong'oneza yule kijana, "Ssebo," yaani bwana, "subiri amalize." Akajibu kwa sauti ya sokoni kwamba viti vile ni vya wageni waalikwa. Kisha akamgeukia mama yangu, mtu wa miaka zaidi ya sabini: "Wewe, yako iko wapi?" Wewe! Hata nnyabo, yaani bibi, hakusema. Mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso yake, basi akaanza kulifungua lile fundo, vidole vinatetemeka ndani ya ule mwanga, watu wa nyuma wanatuzomea kana kwamba kelele ni zetu, na kule mbele binti anasema, "Aliyeufunga mlango ni..." Sikusikia. Mama naye hakusikia. Taa zilipowaka watu walikuwa wanalia, sisi tumeduwaa.

Msimamizi nilimfuata. "Pole mama, lakini ukaguzi ni lazima." Pole gani yenye lakini? Kumbi za nchi hii zilifungwa tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, watu wakazoea kukaa nyumbani na simu zao. Anayepanda taksi usiku, na foleni ile ya Kampala, akamleta mzazi wake kutazama mchezo, huyo ni wa kupokewa kwa mikono miwili. Nilitoka nimeapa kwamba ukumbi ule hautaona tena shilingi yangu, na kila aliyeniuliza nimemwambia asiende.

Sasa naona hilo linawaumiza wasiohusika. Yule binti na yule mama wa jukwaani hawakunitukana. Nendeni basi, ila kaeni katikati ya safu, mbali na njia, na tikiti mzishike mkononi mpaka mwisho. Ukumbi siupi hata nyota moja mpaka yule kijana amwombe mama yangu radhi, tena kwa heshima. Mchezo ningeupa zote, kama ningeusikia wote. Jirani yetu wa kiti anasema yule mama wa mchezoni ndiye aliyefunga, ili kumficha binti asikamatwe. Mama yangu anakataa kabisa, anasema mzazi hawezi, lazima kulikuwa na mtu wa tatu. Tumebishana njia nzima mpaka nyumbani, na asubuhi aliponiuliza wanaonyesha tena lini, nikaanza kutafuta tikiti.