TAHADHARI: mnaotua Dar usiku mkiunganisha basi la Morogoro, soma hii kabla hujatoa hela

Jamani kama una ndugu anarudi kutoka Uarabuni au popote na akishuka Dar anaunganisha kwenda Moro, Dodoma na mikoa ya huko, mtumie hii. Mdogo wangu amepigwa juzi, katoka Muscat na mabegi yake mawili, kachoka, na bado imeniuma mpaka sasa hivi.

Ilivyokuwa ni hivi. Katoka Terminal 3, huko nje kwenye magari akafuatwa na kaka kavaa reflekta na kitambulisho shingoni (siyo mfanyakazi wa uwanja, ni mpiga debe tu kajipamba), akamuuliza dada unaenda mkoa gani, aliposema Moro basi maneno yakaanza, kwamba saa hizi stendi hakuna basi mpaka asubuhi, serikali hairuhusu mabasi usiku, ila wao wana basi lao la mwisho linapakia Ubungo na kuna Noah inapeleka abiria. Akamwandikia tiketi kwa peni kwenye kitabu chenye jina la basi linalojulikana, elfu 45 "na usafiri ndani yake", hela ikatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Sasa Noah haikwenda Ubungo. Imezunguka ikiokota watu wengine, ikaja kuwashusha Mbezi barabarani, nje ya stendi kabisa, wakakabidhiwa kwa jamaa mwingine ambaye ameshika mabegi na anadai elfu 30 ya mzigo la sivyo haachii. Mdogo wangu akalipa, mwanamke peke yake usiku ule angefanya nini? Basi lilipokuja konda kaangalia ile tiketi akamwambia dada hii siyo ya kwetu, akalipa nauli upya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huyu mtu anachagua waliokaa nje muda mrefu, maana uongo wake wote ni mambo yaliyokuwa kweli zamani. Mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka stendi ya Ubungo, na stendi kuu ya sasa ni ile ya Magufuli pale Mbezi Luis iliyozinduliwa Februari 2021. Mabasi kusafiri usiku yameruhusiwa tena tangu 2023, kwa hiyo ukiambiwa usiku ni marufuku ujue unadanganywa hapo hapo. Aliyeondoka nchini 2018 atajuaje haya?

Na nauli. Bei elekezi ya LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini) iliyotoka Desemba 2023 ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita basi la kawaida na 67.84 daraja la kati, Dar mpaka Moro ni kama kilomita 190, piga hesabu mwenyewe, haifiki hata elfu 15. Hata kama imepanda, elfu 45 haipo.

Kwa hiyo mwambieni mtu wenu akitoka asijibu swali la "unaenda mkoa gani", apite tu. Achukue taksi au aite gari kwenye simu, aseme Mbezi stendi ya Magufuli NDANI, siyo barabarani, na mabegi asimpe mtu yeyote mpaka yuko mlangoni kwa basi. Tiketi akatie ofisini au mtandaoni, iwe imechapishwa au imeingia kwenye simu, ina jina lake, namba ya gari na namba ya siti. Ya kuandikwa kwa peni akatae. Mzigo ukilipiwa adai risiti. Na kama ndege inatua mchana kuna treni ya SGR pia, ilianza Dar Moro Juni 2024 kwa nauli ya elfu 13, tiketi anakata mtandaoni hata kabla hajapanda ndege, mimi mama yangu ningempandisha hiyo.

Sisi tunaenda kuripoti polisi na LATRA, tunayo ile tiketi, meseji ya muamala na picha ya namba za Noah aliyoipiga mdogo wangu wakati anashuka. Kama na wewe umepigwa hivi hivi usiitupe tiketi wala kufuta meseji, njoo inbox tupeleke kwa pamoja, malalamiko ya mtu mmoja yanapuuzwa kirahisi.