Silinda au sentrifuji: kupima chembe na polima majini

Ukoroge udongo mweusi wa Embakasi ndani ya silinda ya maji, uache utulie, na tayari una kipimo cha ukubwa wa chembe zake. Maji yakiwa na nyuzi 20, chembe ya mikromita 10 hushuka sentimita 10 kwa dakika kama 19. Ya mikromita 2 huchukua karibu saa 8, kwa kuwa kasi hufuata mraba wa kipenyo. Unahitaji haidromita (kipima msongamano wa kimiminika), saa na kipimajoto. Hicho kipimajoto wengi hukipuuza, nami nasisitiza kisisahauliwe: asubuhi ya Julai hapa Nairobi, maji yakipoa hadi nyuzi 15, mnato wake, yaani ukinzani wa kutiririka, huongezeka kwa takriban asilimia 14. Ukitumia jedwali la nyuzi 20, utadhani chembe ni ndogo kuliko zilivyo.

Polima, yaani molekuli ndefu kama za wanga, ikishayeyuka haitulii hivyo, hata ungoje mwaka; mtikisiko wa joto huisambaza tena. Hapo lazima sentrifuji ya uchanganuzi, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, aliyoianzisha mwanakemia The Svedberg kule Uppsala, Uswidi, miaka ya 1920. Huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, huku mwanga ukifuatilia molekuli zinavyoshuka. Ukipunguza kasi hadi kushuka na kusambaa vilingane, unapata uzito wa molekuli bila kujali umbo lake. Ni mashine ghali mno.

Kwa udongo na tope la Mto Nairobi, nachagua silinda bila kusita. Punje za wanga wa muhogo nazo zitakutulia humo; ukishauyeyusha wanga, tafuta sentrifuji.