Oveni ya mkaa ya fundi wa Mwanjelwa, nimeipima na vimikate vya vitunguu

Watu wananiuliza sana kama hizi oveni za mkaa wanazochomelea mafundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya zinafaa au ni urembo tu wa kuweka uani. Mi yangu niliinunua mwezi wa sita, laki na themanini baada ya kubembeleza mpaka sauti ikakauka, na sikuipima kwa keki maana keki hata kwenye sufuria ukipalia mkaa juu ya mfuniko inaiva, nimeipima kwa bialy.

Kwa msiozijua, bialy ni vimikate vya duara vya Białystok kule Poland, Wayahudi wa mji ule ndo walikuwa wanavioka, na waliohamia Marekani wakaenda navyo mpaka New York. Wengi wanavichanganya na bagel ila bagel inachemshwa kwanza kwenye maji afu ndo inaingia motoni, na ina tundu. Bialy haichemshwi wala haina tundu, ina kishimo tu katikati unajaza vitunguu. Hakuna maziwa wala siagi, ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira basi, kwa hiyo moto ukiwa mbovu unakuumbua hapohapo.

Nilitumia unga nusu kilo na maji ya uvuguvugu kama mililita 300, inatoa vimikate 8. Sasa Mbeya mwezi wa saba mnaijua, hamira yenyewe inajikunyata. Nilikanda saa mbili usiku nikafunika na kitenge na blanketi juu, asubuhi saa kumi na mbili ndo nalikuta donge limeumuka vizuri. Vitunguu ni vile vyekundu vya Ruaha Mbuyuni, nikavikata vidogovidogo nikavipitisha kwenye mafuta kijiko kimoja, moto mdogo, vilainike tu visibadilike rangi. Wenyewe wanaweka na mbegu za popi, mi nikaweka ufuta maisha yakaendelea. Kishimo bonyeza haswa mpaka uone kama unatoboa, ukibonyeza kwa huruma kinavimba tena na vitunguu vinamwagika kwenye trei.

Awamu ya kwanza ilikuwa aibu. Fundi aliniambia mkaa nusu juu nusu chini, nikamsikiliza. Dakika kumi tu vitunguu vyeusi tii, chini mkate mweupe unanata kwenye kidole. Na moshi! Kuangalia vizuri kumbe mlango haufungi, juu kuna upenyo kidole kinapita. Nikambebea fundi oveni yake kwa bajaji.

"Fundi, mlango huu vipi?"

"Dada, huo ni upenyo wa kupumulia."

Kupumulia nini, oveni ina mapafu? Akacheka, akachomelea kipande cha bati pale juu bila kunidai hela, hapo nampa maksi zake.

Awamu ya pili nilifanya kichwa changu. Mkaa wote chini kwanza, trei tupu ndani ipate moto, afu nikamwaga unga kidogo juu ya trei: ukigeuka kahawia taratibu ingiza mikate, ukigeuka mweusi papo hapo subiri moto upungue. Dakika nane moto wa chini peke yake, ndo nikapandisha mkaa juu dakika tano za mwisho. Jamani. Ukikigeuza ukakigonga kwa chini kinalia ko ko kama mlango, pembeni kigumu, katikati pale kwenye kitunguu laini na tamu, kitunguu kimeungua kidogo tu kwenye ncha. Mama mwenye nyumba akaja na harufu, "Mwanangu, hili ni andazi au chapati iliyovimba?" Akala vitatu, akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka na cha nne kwenye mfuko wa koti.

Kasoro iliyobaki ni kubwa. Bati ni moja tu, hakuna ukuta wa pili, moto unaishia nje na mkaa unaisha haraka, kopo moja la sado naoka trei mbili limekwisha. Na ubavuni inaunguza balaa, kama una watoto wadogo usiisogeze karibu na mlango wa jikoni. Kipimo cha joto hakuna, unapima kwa unga na kwa mkono.

Fundi nimeshamwambia siku akichomelea ya kuta mbili anipigie, hii itaenda kwa dada yangu Uyole, yeye anaoka keki tu.