Chumbe: Ziara ya Wanafunzi Inayofundisha kwa Choo na Birika

Mwalimu wa Unguja anayetafuta ziara ya mafunzo ya mazingira namshauri aanze na Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe. Matumbawe yake yalitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1994, na mapato ya watalii wanaolala katika nyumba zake saba husaidia kugharimia ziara za wanafunzi wa Zanzibar.

Walinzi wa hifadhi, ambao wa kwanza wao walikuwa wavuvi, hueleza vizuri na kwa subira, lakini kwa maoni yangu somo kubwa zaidi limo katika majengo yenyewe. Chooni hakuna maji ya kuvuta. Aliyemaliza haja humwagia kata ya mboji, kwa kuwa jiwe la kisiwa hiki lina matundu na uchafu ungepenya hadi baharini kwenye matumbawe. Mvua inayodondoka juu ya mapaa makubwa ya makuti huchujwa na kuwekwa katika birika chini ya sakafu, kisha maji hupandishwa kwa pampu ya mkono kabla ya mtu kuoga. Mtoto akiishika pampu hiyo na kuona jasho linalohitajika kuijaza ndoo moja, habari ya kutunza maji inamwingia pasipo hotuba.

Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alieleza kwamba mengi tunayoyatenda hatuyaamui kila mara, bali yanatokana na mazoea yaliyotukaa mwilini kutokana na mazingira tuliyokulia. Nikiitazama Chumbe kwa nadharia hiyo, naelewa kwa nini inafaulu pale ambapo mabango ya "Tunza Mazingira" yanashindwa: hapa kitendo sahihi ndicho chepesi kuliko vyote. Hata hivyo, mazoea hujengwa kwa miaka, na mwanafunzi anayerudi kwenye shule isiyo na tangi la mvua wala shimo la mboji atafanya kile ambacho uwanja wa shule yake unamruhusu.

Kwa sababu hiyo, nafasi zikiwa chache botini, napendekeza mwalimu mkuu na mjumbe wa kamati ya shule wawe miongoni mwa wasafiri, kwani wao ndio wanaoamua fedha za ukarabati ziende kwenye rangi ya ukuta au kwenye mfereji wa kukusanyia maji ya paa.