Beleshi, reki, bomba au Pulaski? Vifaa vya mkono vya kuzimia moto wa nyasi, ununue kipi kwanza

Kiangazi kikikaribia lazima kuna mtu ataniuliza swali lile lile, ana eneo lake, nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga, ana hela ya kununua kifaa kimoja au viwili tu, anunue nini? Na wengi wanakuja na jibu lao tayari, bomba la maji la kubeba mgongoni. Mi nasema bomba ni namba tatu, tena ya tatu kwa mbali kidogo.

Sababu ni kwamba moto wa nyasi unauzima kwa kuunyima chakula. Unakwangua mkanda, unaondoa nyasi na majani makavu na vijizizi vyote mpaka udongo mtupu utokee, moto ukifika hapo unakosa cha kula unalala wenyewe. Maji yanasaidia sana lakini maji yanaisha, na yakiisha uko mbali na bomba la nyumbani umebeba tenki tupu mgongoni. Udongo uko hapo hapo chini ya miguu yako.

Namba moja, beleshi. Naongelea lile lenye ncha ya mviringo, sio lile la mraba la kuzolea mchanga. Linakwangua, linakata vichaka vidogo, linachimba, linarusha udongo, na mgongo wake unaweza kuzimia vimoto vidogo. Kurusha udongo kuna namna yake, watu wengi wanaurusha juu kwenye ndimi za moto unapita hewani unadondoka upande wa pili. Inama, lenga chini kabisa pale nyasi zinapoungua, zungusha mkono ili udongo utawanyike kama unatandaza na sio kutua fungu moja. Halafu makaa usiyafukie ukaenda zako! Yakifukiwa yanakaa na joto lake humo chini masaa kibao, upepo ukifukua umeanza upya. Yachanganye na udongo, yageuze, ukiwa na maji nyunyiza, geuza tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu bila kugusa usikilizie kama bado kuna joto.

Ukienda kununua, angalia mpini kabla ya chuma. Shika beleshi, weka jicho kwenye ncha moja ya mpini utazame mpaka mwisho kama mtu anayekagua mshale, ukiona umepinda rudisha. Halafu tafuta nyuzi za mti, zinatakiwa ziende na urefu wa mpini, zikikatiza kwenda pembeni basi hapo ndipo utakapovunjika siku ukiukandamiza. Mipini iliyopakwa rangi nzito mi siinunui tena, niliwahi kununua mmoja mwekundu unang'aa, kumbe chini ya rangi kulikuwa na fundo la mti limezibwa, ukakatika nikiwa nang'oa kisiki tu nyuma ya nyumba, wala moto haukuwepo. Nilimshukuru Mungu ni kisiki. Kwenye chuma, bati likibonyea kwa kulikanyaga kwa kiatu achana nalo. Na nunua tupa siku hiyo hiyo maana beleshi jipya kingo zake huwa butu kama kijiko, vaa glavu, libane lisicheze, tupa iwe na kishikio, noa zile kingo mpaka zikate nyasi.

Namba mbili, McLeod. Jina lake limetokana na Malcolm McLeod, mlinzi wa misitu huko California aliyeibuni mwaka 1905. Upande mmoja ni meno makubwa ya reki, upande wa pili ni jembe pana. Kwa kufungua mkanda kwenye nyasi na majani makavu sijaona kinachoishinda, unavuta takataka kwa meno, unageuza unakwangua kwa jembe, unasonga. Ubaya wake ni nzito kwa mbele na kuibeba ni kero, meno yanakwama kila mahali, na ukiiweka chini meno lazima yatazame ardhini, mtu akikanyaga meno yaliyotazama juu mpini unakuja usoni. Kama huipati, reki ya chuma na jembe la kawaida vinafanya kazi ile ile, ila reki za plastiki achana nazo kabisa, zinayeyuka.

Ya tatu sasa ndiyo bomba la mgongoni. Yenye ujazo wa lita 20 ndiyo wengi wanachukua, na hapo umebeba kilo 20 za maji kabla hujahesabu bomba lenyewe, kwa hiyo kama muuzaji anakubali lijazwe maji, livae, tembea nalo, panda ngazi. Mikanda myembamba itakukata mabega. Kagua pia mdomo wa kujazia kama una chujio, maana uchafu kidogo tu unaziba tundu la kutolea maji, na uliza washa za mpira za spea zinapatikana au la. Watu wananiuliza kuhusu lile la kupulizia dawa shambani, linasaidia pale ambapo hakuna kingine, ila mengi yanatoa ukungu mwepesi mno na joto linaumaliza kabla haujafika chini, tena lisiwe na mabaki ya dawa humo ndani. Maji lenga chini ya moto, piga kidogo kidogo, na bora muwe wawili, mmoja anapooza kwa maji mwingine anakwangua nyuma yake.

Ya nne, kipiga moto, ule mpira mpana uliofungwa kwenye mpini mrefu. Rahisi, na kwenye nyasi fupi kinafanya kazi vizuri tu, nimekishusha kwa sababu watu wanakitumia vibaya. Jirani yangu alikuwa anakiinua mpaka juu ya kichwa anakishusha kwa nguvu zote, paa! kila pigo cheche zinaruka nyuma yake kwenye nyasi ambazo hazijaungua, yaani anazima mmoja anawasha miwili. Kinatakiwa kiinuke kidogo tu, unakikandamiza juu ya moto unakiacha sekunde moja mbili unyimwe hewa, halafu unakiburuta kuelekea upande ulioungua. Tafuta mpini mrefu karibu na kimo chako, mpira mnene, na ufungwe kwa bolti.

Ya mwisho kwangu ni Pulaski, na hapa najua nitatukanwa. Ni shoka upande mmoja na jembe jembamba upande mwingine, anayetajwa kuwa ndiye aliyekibuni ni Ed Pulaski, yule mlinzi wa misitu wa Idaho ambaye kwenye moto mkubwa wa 1910 aliwaingiza watu wake kama 45 kwenye shimo la mgodi akawazuia wasitoke, wengi wakapona. Kifaa chenyewe hakina kosa. Ila kama eneo lako ni nyasi tupu shoka la nini, halafu ukikwangua kwa upande wa jembe, lile shoka linakuwa limetazama upande wako, na ambaye hajazoea anajikata. Una miti, magogo na mizizi? Basi lipandishe mpaka namba mbili, na lisikose kifuniko cha makali.

Chochote utakachonunua, kibebe mkononi kichwa kikiwa mbele, sio begani, na kwenye mteremko kishike kwa mkono wa upande wa bondeni ili ukiteleza ukitupe kule. Kati ya mtu na mtu ziwepo mita 3 hivi. Zimamoto wapigie kabla hujashika beleshi, wakichelewa angalau wako njiani. Ndimi zikizidi kama mita 1.2, karibu na kifua cha wengi wetu, usiusogelee uso kwa uso na vifaa vya mkono, rudi nyuma, na usikae juu ya mlima moto ukiwa chini yako maana unapanda haraka kuliko miguu yako. Anzia pale ambapo nyasi zimeshaungua, ukizidiwa unarudi kwenye majivu. Nguo ziwe pamba au jinsi, nailoni inayeyukia kwenye ngozi, buti na glavu ziwe za ngozi.

Kuhusu kutunza, kichwa kikianza kulegea watu wanaloweka kwenye ndoo ya maji, mti unavimba unabana, siku mbili ukikauka unalegea kuliko mwanzo, gongea kabari. Mpini pakaa mafuta ya kitani mara moja moja, ila kile kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa kwenye kona ya stoo, mafuta hayo yakikauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.