Vikinga masikio vya shilingi 850: miezi saba nikishika breka (mashine ya kuvunjia zege)

Niko kwenye mjengo tangu 2014, na miaka miwili hii kazi yangu kubwa ni kuvunja: slabu na kuta za nyumba za zamani Kilimani, Nairobi, zinazopisha maghorofa. Nilikuwa najiziba kwa pamba. Jioni ndani ya matatu, kondakta akidai nauli naona midomo tu, na usiku nyenje wananililia masikioni hadi alfajiri. Nyumbani tuligombana kwa sababu ya sauti ya TV.

Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, nikachukua vile vya vikombe viwili vyenye utepe wa kupita utosini. Muuzaji alianzia 1,200, tukamalizana 850. Boksi linasema vinapunguza desibeli 27. Fundi umeme wa saiti alitoa simu yake yenye programu ya kupima kelele, ikasoma 104 nikiwa kazini. Simu si kipimo cha kuapia, ila kanuni za Kenya za 2005 zinakomea desibeli 90 kwa saa nane, na kila tatu zinazoongezeka nguvu ya sauti ni maradufu. Piga hesabu.

Siku ya kwanza niliona nimetapeliwa. Kumbe nilikuwa nimevaa mavin, ile kofia ya sufu, ndani, asubuhi ya baridi, na vikombe havikushika ngozi. Nilipoivua, kelele ikazama. Hata mikono ya miwani huacha mwanya, kwa hiyo tafuta miwani yenye mikono myembamba.

Kero ni mbili. Jasho, bila shaka. Kufikia saa sita mchana masikio yameloa. Halafu helmeti: ule utepe haukai chini yake, ikabidi niupitishe kisogoni, na hapo vinalegea. Ningejua ningeongeza pesa nipate vile vinavyochomekwa kwenye helmeti yenyewe.

Mwenzangu anatumia vile vidogo vya sponji, shilingi 50, na vikivaliwa sawasawa havishindwi na vyangu. Unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Wengi hukibandika mlangoni mwa sikio tu. Mimi huvaa na kuvua mara kumi kwa siku, vidole vina simiti, siwezi kuvitia sikioni.

Kisheria vifaa hivi ni jukumu la mwajiri. Kontrakta wetu alitoa helmeti na reflekta, basi. Nilipouliza kuhusu masikio, fomeni akaniuliza kama mimi ni msanii.

Nyenje bado wapo, lakini hawajaongezeka. Daktari alinieleza kwamba zile seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, ndiyo maana najuta ile miaka ya pamba. TV imeshuka kidogo, au mke wangu amezoea.

Sasa sponji za pembeni mwa vikombe vyangu zimekauka na kupasuka. Nilirudi kutafuta za kubadilisha, muuzaji akasema hauzi sponji peke yake, ninunue seti nzima. Nyota tatu na nusu.