Mashine ya polishi ya DA: nimeijaribu kwenye boneti nyeusi iliyojaa mikwaruzo

Haya, karibuni. Kabla sijaishika mashine yenyewe, naomba uitazame hii boneti. Hapa kwenye kivuli unaona nini? Gari jeusi, safi, linang'aa, hata ningesema naliuza ungeuliza bei. Sasa nazima taa ya dari, nawasha tochi. Umeona? Utando wa buibui mtupu! Mikwaruzo midogo midogo imejaa kote, tena kama mtu kaichora kwa bikari kuizunguka tochi.

Sasa usipepese. Nasogeza tochi kushoto, maduara yanahama nayo. Nairudisha kulia, nayo yanarudi. Mkwaruzo hauna miguu, kwa hiyo ujue hapo hakuna duara lolote. Mikwaruzo imelala shaghalabaghala, kila mmoja na upande wake, ila ile iliyokingama na mwanga ndiyo inayourudisha machoni mwako, na ikishakuwa mingi jicho linaisoma kama duara. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanaapa kwamba gari liliharibika kwa kufutwa kwa kuzungusha mkono, basi siku hizi wanafuta kwa mistari mirefu wakidhani wamepona. Kitambaa chenye mchanga ukikizungusha kitakwaruza, ukikivuta moja kwa moja kitakwaruza vilevile.

Mashine ndiyo hii. Jina nimeliziba kwa tepu kwa sababu hakuna aliyenilipa, na sitaki tubishane juu ya nembo. Ni ya aina ya DA, yaani sahani inazunguka na papo hapo inayumba nje ya kitovu chake. Hii yangu inayumba kwa milimita 15, na sahani yake ina upana wa milimita 125. Naichora alama ya kalamu hapa ubavuni mwa sahani, utaona kazi yake baadaye.

Ndugu yake mkubwa ni rotari, ile mashine ya mafundi wengi wa zamani. Rotari inazunguka kwenye kitovu kimoja tu, haiyumbi, na ukiikandamiza haikuonei huruma, inaendelea kula rangi. Joto linajikusanya mahali pamoja, na ukizubaa kwenye ukingo wa mlango unaona rangi imebadilika, kisha imeondoka. DA ukiikandamiza sana inasusa: inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka. Wauzaji wa rotari wanauita huo udhaifu. Mimi nauita bima.

Tukubaliane jambo moja kwanza, maana bila hilo utauziwa mbuzi kwenye gunia. Mkwaruzo haufutwi. Mkwaruzo ni bonde, na bonde huwezi kulifuta. Unachofanya ni kukishusha kilima kilichoko pembeni mpaka vilingane. Juu ya bati la gari kuna praima, kuna rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna klia, ile safu ya mwisho inayopitisha mwanga kama kioo. Kwenye magari mengi yaliyotoka kiwandani safu zote kwa pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani ni karibu mikroni 70. Umeelewa? Hiyo klia unayoipiga mashine ni nyembamba kuliko unywele, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua. Kila ukipiga polishi unatumia akiba isiyorudi.

Kwa hiyo mashine nzuri kwangu mimi ni ile inayotoa mng'ao mwingi kwa kula klia kidogo. Hicho ndicho kipimo changu leo, mambo ya wati na muonekano wa kasha sina habari nayo.

Gari nimeliosha, nimelipitishia klei ile ya kunasa uchafu uliogandia kwenye rangi, nimekausha. Usiruke klei. Ukipitisha kiganja juu ya gari safi ukasikia kama chengachenga za mchanga, hizo ndizo zitakazonaswa na pedi, ile sponji au manyoya inayobandikwa kwenye sahani, na pedi itazisugua gari zima. Kisha nimebandika tepu ya karatasi katikati ya boneti, na nyingine kwenye mipira, plastiki nyeusi na kila ukingo mkali, maana kwenye kona rangi huwa nyembamba na pedi hubana zaidi.

Kanuni yangu: anza na kilicho laini. Pedi ya sponji laini, polishi nyepesi, matone manne ya ukubwa wa punje ya dengu. Eneo la sentimita 50 kwa 50, si zaidi. Napaka kwanza mashine ikiwa mwendo wa chini ili isininyunyizie usoni, kisha napandisha hadi namba 4. Na sasa angalia mkono wangu. Unaniona nilivyo mzito? Karibu sentimita 3 kwa sekunde. Kila mstari unafunika nusu ya ule uliopita. Nikimaliza kwa urefu, naanza kwa upana. Wengi wanaosema DA haifanyi kazi wanaiendesha kama wanapiga deki.

Na ile alama ya kalamu? Ndiyo hiyo inapita, inapita, inapita. Sasa nabana kwa nguvu... imesimama. Mlio haujabadilika sana, mashine inanguruma vilevile, lakini pedi haizunguki, na hakuna kinachofanyika hapo zaidi ya kujichosha bega. Bila alama nisingejua.

Nafuta, nawasha tochi. Naona mikwaruzo imepungua, labda nusu. Haitoshi. Basi nabadilisha kitu kimoja tu, pedi. Naweka sponji ngumu kidogo, polishi ileile. Imepungua tena. Mwishowe nimeweka kompaundi, yaani polishi kali zaidi, kwenye pedi hiyohiyo ngumu, nikapita mara tano, na hapo ndipo weusi ulipotoka. Njoo karibu na kamera. Unaona waya wa balbu ndani ya tochi umejichora kwenye boneti? Dakika kumi zilizopita pale palikuwa na ukungu wa kijivu.

Upande wa pili wa tepu nimetumia rotari na pedi ya manyoya. Nitasema ukweli, ilimaliza kwa theluthi ya muda. Lakini nikiinamisha tochi hivi, unaona yale mawimbi kama mafuta juu ya maji? Hayo ni makovu ya mashine yenyewe. Inabidi uyapitie tena kwa pedi laini, yaani muda uliookoa unaurudisha, na klia umeila mara mbili.

Sasa hatua ambayo wengi hawaionyeshi kwenye video zao. Nina chupa ya alkoholi ya isopropili niliyochanganya na maji. Napulizia, nafuta. Kwa nini? Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta yanajaza mabonde. Yaliwahi kunikuta. Nilipeleka gari kwenye karakana moja, nikarudishiwa kioo, nikalipa huku natabasamu. Mvua mbili na kuosha mara tatu, mikwaruzo yote ikarudi mahali pake, mpaka ule mmoja wa karibu na kofia ya tangi niliokuwa naujua kwa sura. Haikuwa imerudi. Haikuondoka. Ilikuwa imefunikwa tu. Tangu siku ile siamini mng'ao ambao haujafutwa kwa alkoholi.

Haya, nimefuta. Upande wa DA umebaki vilevile, umesafika kweli. Upande wa rotari mawimbi yameongezeka kidogo, maana yalikuwa yamejificha.

Kwenye kipimo cha unene: kabla sijaanza nilipata mikroni 118 hapa katikati, sasa nasoma 116. Msishangilie. Vipimo hivi vya mkononi hukosea kwa mikroni mbili tatu, kwa hiyo 116 inaniambia tu kwamba sijala sana. Tena vinapima unene wote kuanzia kwenye bati. Klia imebaki kiasi gani haviwezi kukuambia. Na kwenye bampa la plastiki kipimo hiki cha kawaida hakisomi chochote. Hapo unafanya kazi gizani, kwa hiyo punguza mkono.

Usitegemee gari lako lijibu kama langu. Klia si zote sawa. Mercedes-Benz walianza mwishoni mwa 2003 kutumia klia yenye chembe ndogo mno za seramiki ili isikwaruzike upesi, na Nissan mwaka 2005 wakatangaza klia inayojirudi yenyewe kwenye mikwaruzo myepesi. Klia ngumu inakwaruzika kwa shida na inatibika kwa shida. Laini inang'aa haraka, lakini hata kitambaa cha kufutia polishi kinaweza kuichora. Ndiyo maana kila gari naanza na ile sentimita 50, hata kama jana nimefanya jingine la aina hiyohiyo.

Malalamiko sasa, na ninayo. La kwanza, maeneo ya mviringo. Kwenye fenda na chini ya kitasa cha mlango, sahani hii inakaa juu ya kilima kimoja, pedi inasimama, na wewe unadhani unafanya kazi. Kwenye nguzo za madirisha haingii kabisa. Utahitaji sahani ya milimita 75, na kwenye kasha haimo.

La pili, joto. Si kwenye rangi, kwenye pedi. Nilipopiga maeneo sita mfululizo na pedi moja, katikati ya sponji pakawa moto, gundi ya velkro ikalainika, sponji ikachunika kama ganda la chungwa. Sasa natumia pedi nne kwa zamu, na kila nikimaliza eneo naisugua pedi kwa brashi kutoa kompaundi iliyokufa.

La tatu ni swichi, ngumu kama imetengenezwa kwa adui. Basi.

Nilichokipenda ni mtetemo wake. Nimeishika saa tatu na vidole havikufa ganzi, na ile niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inaniacha nashindwa kushika kikombe.

Huu mkwaruzo wa mlangoni mnaouliza kila mara, tazama: napitisha kucha, inakwama. Kucha ikikwama, mkwaruzo umezama mno, na ukiufukuza kwa mashine utaifikia rangi kabla hujaufikia mwisho wake. Nitapita juu yake mara mbili, kingo zake zilainike, usidake mwanga sana. Halafu nauacha.

Kama gari ni lako na una siku nzima, nunua DA, hii au yoyote ya milimita 15, na ile sahani ndogo uihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo. Kama una foleni ya magari matano kwa siku, utairudia rotari yako tu, na sikulaumu. Mimi nabaki na hii. Nimeshaibandua tepu ya katikati, na ule upande wa rotari bado una mawimbi, kwa hiyo naweka pedi laini hapa nianze kuyatoa.